Neno la Kwanza Ghalani

Wiki yangu ya mwisho kazini Baraka aliniuliza tena, na safari hii aliuliza mbele ya wenzake. "Mama Zuhura, hili neno la kwanza ghalani ni la nani? Hakuna mgonjwa hata mmoja anayelitumia. Si tulifute tupate nafasi?" Nikamwambia aliache kama lilivyo, nikatoka kwenda kunywa chai, na sikurudi mpaka walipobadilisha mazungumzo. Halikuwa jibu la mtu mzima. Sasa nimeshakabidhi funguo, nimekaa barazani kwangu nachambua mchele ambao hauna hata mawe, na naona mnastahili kuelezwa. Ila siwezi kusema kwa mkato. Itabidi nianzie mbali.

Habari za vyeo sitazigusa, kwa sababu karakana yetu ilikuwa na watu wachache na kila mmoja alikuwa mkuu wa kitu fulani. Mishahara nayo tuiache ilale. Nitaanza na siku niliyoingia mlangoni nikiwa na cheti cha kompyuta nilichokipata Dar es Salaam, cheti kikubwa kuliko nilichokijua. Baba yangu alikuwa fundi saa hapa hapa mjini Tabora, kwa hiyo vitu vidogo havikunitisha. Kilichonitisha ni yule mzee aliyekuwa ameinamia meza, mrefu, mkimya, penseli sikioni, akichora vijumba kwenye karatasi ya hesabu na kuandika herufi moja kila kijumba.

Huyo alikuwa Mzee Luhende, Mmoravian wa upande wa Isikizya, ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaniuliza kwetu wapi. Nikasema hapa hapa mjini.

"Ninyi watu wa mjini mna maneno mengi," akasema. "Humu ndani, mwanangu, maneno ni mzigo. Babu zangu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Wewe utabeba herufi. Tutaona nani atalalamika zaidi."

Nililalamika mimi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mizani ya kupimia asali, yenye skrini ndogo ya kuandika maelekezo. Chipu yake ilikuwa na kumbukumbu finyu hivi kwamba leo mkiiona mtacheka, na mtakuwa mnacheka huku picha moja tu ya simu zenu isingeingia humo hata pembe yake. Niliandika maelekezo yote kwa adabu niliyofundishwa nyumbani: Tafadhali weka ndoo. Tafadhali subiri. Tafadhali ondoa ndoo. Mzee Luhende akachukua penseli, akazungushia duara kila "tafadhali", akahesabu vijumba vilivyoliwa.

"Adabu yako imekula mizani yote," akasema.

Tukaziondoa. Haukupita muda, wafuga nyuki wakatuma ujumbe kwamba mizani ile ni jeuri, inaamrisha wazee kama karani wa zamani. Ikabidi turudishe. Lakini safari hii Mzee Luhende aliliandika neno "tafadhali" mara moja tu, mahali pamoja, na kila elekezo likawa na namba ndogo inayosema: nenda pale, lichukue, rudi. Mizani ikapata adabu na nafasi ikabaki. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba mwenzangu hakuwa bahili, alikuwa anajua kitu.

Kazi iliyotuweka mjini ilikuja baadaye, na ndiyo hiyo mnayoishika mpaka leo: kidude cha wahudumu wa afya wa vijijini. Mnakijua. Kinakaa kiganjani, kinachajiwa kwa jua, kinaonyesha majina ya wagonjwa wanaotakiwa kuchukua dawa zao kila mwezi, wa kisukari, wa presha, wa kifafa, watoto wa selimundu. Jina lisipoonekana, pakiti ya dawa haiandaliwi. Hilo msilisahau mnapochezea majina.

Mwanzoni kila jina tulilipa kisanduku cha herufi kumi. Juma alikaa kisandukuni mwake kama bwana mmoja kwenye nyumba ya vyumba kumi, huku Mwanahamisi akikatwa mkia. Bibi mmoja wa Ziba aligoma kuchukua dawa, akisema anayeitwa MWANAHAMIS hamjui na hatakunywa dawa ya mtu. Nilidhani Mzee Luhende atamcheka. Hakucheka. Alisema bibi ana haki, mtu hakatwi jina.

Akavunja visanduku vyote. Majina yakapangwa mfululizo, moja likiisha linafungwa kwa sifuri na jingine linaanzia hapo hapo, bila pengo. Hilo ndilo aliloliita ghala. Mgonjwa hakubeba tena jina, alibeba namba ya kumwelekeza jina lake linapoanzia. Na kabla jina halijaingia, programu inapita kwanza ghalani, kuanzia neno la kwanza, kuuliza kama lipo tayari. Likiwapo, mgonjwa mpya anapewa njia ile ile ya mwenzake. Hapo ndipo tulipookoa nafasi ambayo mafundi wa mahali pengine wasingeipata, kwa sababu kwetu huku majina yanarithiwa. Babu anakufa, mjukuu anaitwa jina lake, na babu mwenyewe aliitwa jina la babu yake. Maganga wamejaa kila kijiji, lakini ghalani Maganga ni mmoja.

Kisha akaniachia mimi niongeze ujanja wangu. Skrini yetu ilikuwa na herufi kubwa tupu, nikaona kwamba HAMISI yuko tayari mkiani mwa MWANAHAMISI, na JUMA mkiani mwa MWANAJUMA. Hakuna haja ya kuwaandika upya, unamwelekeza Hamisi aanzie katikati ya neno la mwenzake. Mzee Luhende akaifuata karatasi yangu kwa penseli, mstari kwa mstari. "Hamisi amekuwa mpangaji asiyelipa kodi," akasema, akatoka nje akarudi na karanga za kukaanga, akanimiminia mezani. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata kwake, na mpaka leo nikisikia harufu ya karanga namwona mezani kwake.

Ukutani tulikuwa na sheria aliyoiandika kwa chaki: KILICHOINGIA GHALANI HAKIGUSWI. Mantiki yake mnaijua. Neno moja likitumiwa na watu wengi, ukilibadili kwa ajili ya mmoja umewabadilisha wote. Lakini ukaja mwaka ambao karani mmoja mjini aliingiza jina la ukoo vibaya, kijiji kizima kikawa na jina ambalo si lao, na mhudumu akawa anahangaika kumrekebisha mgonjwa mmoja mmoja kwa vitufe vile vigumu. Mzee Luhende akamhurumia. Akaweka kibao katikati ya njia: namba ya mgonjwa ikawa inaenda kwanza kwenye kibao, na kibao ndicho kinachoonyesha neno lilipo. Ukibonyeza "Sahihisha", neno jipya linaandikwa mwishoni mwa ghala na kibao kinageuzwa kulielekea. Wote wanaofuata kibao kile wanafika kwenye neno jipya kwa mkupuo mmoja.

Nilimwuliza, "Na mtu akitaka kubadili jina la mgonjwa mmoja tu?"

"Nani atafanya hivyo?" akajibu. "Jina huku kwetu si la mtu mmoja." Akafuta ile sheria ya ukutani kwa mkono wa shati lake.

Sasa nizungumze habari zake mwenyewe, ingawa angekuwa hai angeniambia nirudi kwenye kazi. Mungu alimpa mabinti wanne. Aliwapenda, aliwasomesha, lakini hakuwa na mtoto wa kiume, na jina Luhende kwao lilikuwa limebaki kwake peke yake. Hakulalamika. Alikuwa anataja tu mara moja moja, wakati anasubiri chuma cha kulehemu kipate moto. Binti yake wa mwisho, Nyamizi, aliolewa kijiji cha jirani, kinachochukua dawa zahanati moja na kwao. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikuwa na selimundu, na walimzika kabla hajaanza shule. Wa pili akazaliwa wa kiume, na ugonjwa ni ule ule. Ukoo wa mumewe ukakubali mtoto aitwe Luhende.

Wakati huo mzee naye alikuwa na kisukari, kwa hiyo jina lake lilikuwa ndani ya kidude cha kijijini kwao kama mgonjwa mwingine yeyote. Siku ya kumwandikisha mjukuu alikileta kidude karakana, akavaa miwani, akaandika herufi moja moja. Programu ikapita ghalani, ikalikuta neno lipo. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Zuhura, njoo uone! Tuko wawili kwenye kibao kimoja."

Akacheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Nilifurahi naye, nilimwona kama kijana siku ile.

Kisukari kilimla mguu, kisha kikammaliza. Tulikwenda kumzika kijijini kwake, tukasimama kaburini na vumbi la kiangazi likitupanda mpaka magotini. Nililia kama mtoto wake wa kumzaa, na kwa kweli miaka yote ile mezani kwake nilikuwa nani kama si mtoto wake?

Kijijini hapo mhudumu wa afya ni Mama Kulwa, mama mwenye mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi, anayesambaza dawa kwa baiskeli. Msiba ulipokwisha, ilibidi amtoe mzee kwenye kidude. Kitufe tulichompa cha kazi hiyo kiliandikwa "Ondoa". Alinisimulia baadaye, na nikiwa naandika hapa naisikia sauti yake.

"Nikaweka kidole, kidole kikakataa. Nimwondoe mzee? Kama ninaondoa makapi kwenye ungo? Mtu aliyenijengea hiki kidude mwenyewe? Nikasema hapana, mtu akifa hatumwondoi, tunamwita marehemu."

Kwa hiyo akabonyeza "Sahihisha", na mbele ya jina akaandika MAREHEMU, kwa heshima, kama ambavyo mimi na ninyi tungefanya kwa kalamu. Kidude kikatii. Kikaandika MAREHEMU LUHENDE mwishoni mwa ghala, kikageuza kibao.

Siku ya dawa Nyamizi alikuja na mtoto mgongoni. Mnajua tulivyowafundisha wahudumu: mgeuzie mwenye mgonjwa skrini, asome jina, abonyeze ndiyo. Mama Kulwa, aliyekuwa anapanga pakiti, akamnyooshea kidude bila kukitazama.

"Soma jina la mtoto, mama, ubonyeze."

Nyamizi akasoma MAREHEMU LUHENDE. Alikuwa ametoka kumzika baba yake, na alikwisha kumzika binti yake. Mama Kulwa anasema hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya zahanati, akamzungusha mtoto kifuani, akauliza, "Mmeshamzika na huyu?"

Hakungoja kujibiwa. Aliondoka bila dawa. Mama Kulwa alipokitazama kidude na kuelewa alichokiona mwenzake, alipanda baiskeli na pakiti mkononi, akamfikishia dawa nyumbani, na mtoto akazipata siku ile ile. Nataka hilo mlishike, msije mkasema mtoto alikosa dawa. Lakini huku kwetu usiku wa kiangazi una baridi, na watoto wenye ugonjwa ule baridi huwatesa. Maumivu yakampata siku chache baadaye, akapelekwa hospitali, akalala akilia kwa sauti iliyowaumiza wote waliokuwa wodini.

Mama Kulwa alinipigia simu, akanitumia kidude kwa basi. Nilikifungua kidude chake mezani kwa Mzee Luhende, kwenye kiti chake, na kosa nililiona kabla chai haijapoa. Kulirekebisha nako kulikuwa rahisi kwa namna iliyoniuma. Nilimpa mtoto kibao chake mwenyewe, nikakielekeza kwenye lile lile neno jipya, ila aanzie baada ya MAREHEMU, kwenye L. Ujanja wangu wa Hamisi na Mwanahamisi. Mtoto akawa anaishi mkiani mwa jina la babu yake, akiwa hai, bila herufi moja kuongezeka. Nikasema moyoni, mzee angenimiminia karanga.

Nikapanda basi nikakipeleka mwenyewe. Nyamizi alikuwa uani anaanua nguo. Alikuwa amekonda.

"Mwangaluka, dada. Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Poleni. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri kabisa. Tumshukuru Mungu." Akageukia mlangoni. "Maganga! Njoo umwamkie mama mkubwa."

Nilidhani anaita mtoto wa jirani. Akatoka yeye, mjukuu wa mzee, uso umejaa uji, nilipoinama akaweka mkono kichwani kwangu, kama watoto wadogo wanavyowaamkia wakubwa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumwita Luhende. Nikaufunga.

Mnajua desturi. Mtoto akiugua hivyo, wazee hukaa wakasema labda jina halimfai, labda babu mwingine ndiye anayetaka kuitwa. Wakristo wanafanya, Waislamu wa vijijini wanafanya, na wanaosema hawafanyi wanafanya kimya kimya. Ukoo wa mume ulikuwa umekaa. Wakampa jina la babu wa upande wao.

Nilimweleza Nyamizi. Nilimchorea ardhini kwa kijiti, kibao hapa, neno hapa, baba yako huyu, mtoto huyu. Nikamwambia haikuwa ishara, ni mashine, na kosa lake limesharekebishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ile ile ya baba yake.

"Naelewa, dada," akasema. "Baba alinionyesha hivi hivi vitu tangu mdogo. Najua ni mashine. Lakini mtoto alikuwa analia halali. Usiku walipombadilisha jina akalala mpaka asubuhi. Ungekuwa wewe, ungemrudishia?"

Nani atabishana na mtoto aliyepona? Mimi nimezaa, ningefanya kama yeye na nisingejuta.

"Na mimi nililitaka jina la baba kuliko mtu yeyote," akaendelea, akikunja nguo aliyoianua. "Lakini kila nikifungua mdomo kumwita mtoto, naliona lile neno mbele yake. Mwiteni ninyi, huko kwenu kazini. Sisi huku midomo imeshindwa."

Nilipomrudishia Mama Kulwa kidude zahanati, alimwandikisha mtoto upya mbele yangu. MAGANGA lilikuwa tayari ghalani, likitumiwa na watu tele. Halikuongeza hata herufi moja. Mfumo wa mzee ulifanya kazi sawasawa kama alivyoupanga, na mimi nikitazama skrini nilitamani ungekwama hata mara moja.

Nilirudi mjini nikafanya mambo mnayoyajua. Niliirudisha sheria ukutani, safari hii kwa rangi, kwa hiyo msijisumbue na kitambaa. "Sahihisha" sasa inampa mgonjwa kibao chake, hata kama inagharimu nafasi. Kitufe cha "Ondoa" kwa waliofariki sikukiacha. Kinaitwa "Marehemu", hakifuti jina, kinaweka alama pembeni kwa mtu mmoja tu. Mkiona ni cha ajabu, ni kwa sababu nilikitengeneza kwa ajili ya kidole cha Mama Kulwa.

Likabaki moja. Mnakumbuka ghala hujifagia lenyewe kidude kinapochajiwa: neno ambalo hakuna mgonjwa aliye hai anayelielekea linafutwa, nafasi inarudi. Kijiji kile hakikuwa na Luhende mwingine, na mzee alikuwa ameshakwenda. Nilijua kwamba jua likiwaka vizuri kesho yake, programu aliyoiandika kwa mkono wake itapita, itaona hakuna mtu, itamfagia. Nimemlilia Mzee Luhende mara mbili, kaburini na mezani siku ile, na ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kwa hiyo nilimwandika mwanzoni mwa ghala, mahali ambapo ufagio haufiki, katika kila kidude tulichotoa tangu hapo. Nilimwandika bila lile neno la mbele. Angeniona angenigombeza, maana hakuna aliyechukia uharibifu wa nafasi kama yeye. Lakini tazama, Baraka: kila mhudumu anapowasha kidude asubuhi na kuandika jina la mgonjwa, programu inaanza kuuliza kwenye neno la kwanza. Inamwuliza Luhende kama ni yeye. Si yeye, inapita kwa wengine. Inafanya hivyo kila kijiji, siku nzima.

Linakula herufi saba na sifuri moja. Niachieni hizo. Hana mahali pengine anapoitwa.